Jinsi ya Kufanya Tathmini Huru ya Ahadi za Serikali Kuhusu Uwazi na Takwimu Huria: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Lamu

Kenya ilijiunga na Ushirikiano wa Serikali Wazi (Open Government Partnership), muungano wa serikali zinazoahidi uwazi kwa wananchi wao, mwaka 2011, mwaka uleule ambao ushirikiano huo ulizinduliwa na mataifa 8, yakiwemo Brazil, Indonesia, Mexico na Afrika Kusini. Tangu wakati huo serikali imekuwa ikitoa mipango kazi ya kitaifa, wa tano ukiwa wa kipindi cha 2023 hadi 2027, na kila mpango umebeba ahadi zake: kuchapisha habari za zabuni na mikataba ya umma, kufichua wamiliki halisi wa kampuni, kufungua takwimu za serikali, kuimarisha ushiriki wa wananchi, kutekeleza haki ya kupata habari. Ushirikiano huo una kitengo chake cha tathmini huru, ambacho huwatumia watafiti walio nje ya serikali kupima ahadi hizo. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini mtafiti mmoja au wawili hawawezi kufuatilia ahadi moja hadi Kizingitini, Mpeketoni na Lodwar. Ahadi ya kitaifa huandikwa Nairobi na kuripotiwa Nairobi. Ili kujua kama imefika inakotakiwa kufika, lazima apatikane mtu wa huko wa kuipima.

Mwongozo huu umeandikwa kwa vikundi vya jamii, waandishi wa habari, walimu na vijana wa Lamu wanaotaka kuifanya kazi hiyo wenyewe. Unafuata vigezo vya kitengo hicho cha kimataifa, ila vimerekebishwa kwa kikundi kidogo kisichokuwa na ofisi. Kutoka mwanzo hadi mwisho shikeni tofauti moja: kuna swali la kama ahadi imetekelezwa, na kuna swali la kama utekelezaji huo umefungua kitu kilichokuwa kimefungwa. Ripoti za serikali hujibu swali la kwanza. Tathmini huru hailipi gharama yake isipojibu la pili.

Kuchagua ahadi

Msijaribu kupima mpango mzima. Watu watano au sita walio na shughuli nyingine za kujitafutia riziki wanaweza kuipima ahadi moja vizuri, au mbili zikizidi sana. Someni mpango wote, kisha kwa kila ahadi jiulizeni: hii ikitimia, mkazi wa hapa ataweza kupata karatasi gani, takwimu zipi au nafasi ipi ya kusikilizwa ambayo leo hana? Ahadi isiyokuwa na jibu kwa swali hilo waachieni watafiti wa Nairobi.

Kwa Lamu, ahadi zinazohusu zabuni na mikataba zina uzito wa pekee, kwa sababu fedha nyingi za umma zinazoingia huku hupitia miradi mikubwa ya taifa. Mradi wa LAPSSET, yaani ukanda wa uchukuzi wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na gati la kwanza la bandari ya Lamu likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya tarehe hizo mbili kumekuwa na mikataba, fidia za ardhi na tathmini za mazingira ambazo wakazi wengi walizisikia kwa uvumi kabla ya kuziona kwa maandishi. Ahadi ya takwimu huria, yaani takwimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata na kuzitumia tena, nayo ni chaguo zuri, hasa kwa kikundi chenye vijana wanaojua kutumia kompyuta. Ahadi ya wamiliki halisi wa kampuni inavutia, lakini ni ngumu kuipima mkiwa mbali na makao makuu. Nitairudia hapa chini kwa sababu inafundisha jambo.

Kujiweka huru kabla ya kuanza

Sehemu hii ni fupi, ila ikirukwa kazi yote inaanguka. Kila mwanachama aandike kwenye karatasi kama ameajiriwa na serikali ya kitaifa au ya kaunti, kama ana zabuni nayo, kama ni jamaa wa karibu wa afisa anayehusika na ahadi hiyo, na kama aliwahi kukaa kwenye kamati iliyoiandika. Katika mji ambao kila mtu ni binamu wa mwenziwe, hatuwezi kumtenga kila aliye na uhusiano, kwa hivyo mwenye uhusiano abaki lakini asishiriki kutoa alama. Karatasi hizo ziambatanishwe na ripoti. Mfadhili pia atajwe, pamoja na kiasi alichotoa. Iwapo mfadhili anataka kuisoma ripoti na kuirekebisha kabla ya kutolewa, ni afadhali kufanya kazi ndogo kwa michango yenu wenyewe.

Kuisoma ahadi kama mkataba

Chukueni maandishi rasmi ya ahadi na kuyachambua neno kwa neno, mkiulizana mambo matatu.

La kwanza ni kama ahadi inaweza kuthibitishwa. Sentensi kama “serikali itaendelea kuimarisha uwazi katika ununuzi wa umma” haithibitishiki, kwa kuwa hata kufanya semina moja kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuimarisha. Sentensi inayosema kwamba taasisi fulani itachapisha jina la mshindi wa kila zabuni, bei ya mkataba na tarehe ya kumaliza kazi, katika tovuti fulani, kufikia mwezi fulani, inathibitishika, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuikagua. Ahadi zilizo nyingi hukaa katikati ya mifano hii miwili. Zigaweni katika shughuli ndogondogo, na kando ya kila moja andikeni ushahidi ambao ungewaridhisha kwamba imefanyika. Mkishindwa kuutaja ushahidi huo, huo tayari ni uamuzi wa tathmini na uandikwe hivyo.

La pili ni kama ahadi inamfungulia mwananchi mlango wa habari, wa kushiriki au wa kuwawajibisha viongozi. Kununua kompyuta za wizara ni jambo jema, lakini kompyuta inayotumiwa na afisa peke yake haijamfungulia mtu yeyote kitu.

La tatu ni ukubwa wa mabadiliko yanayotarajiwa iwapo ahadi itatimizwa kikamilifu. Kitengo cha kimataifa hutumia madaraja matatu: haueleweki, wa wastani, na mkubwa. Amueni daraja hilo mapema, kabla ya kuona matokeo, ili msije mkaishusha ahadi thamani kwa sababu imeshindwa, au kuipandisha kwa sababu imefaulu.

Kurekodi hali ilivyokuwa

Tathmini bila hali ya mwanzo haiwezi kusema kilichobadilika. Siku mnayoanza, fungueni kila tovuti inayotajwa katika ahadi, pigeni picha za skrini zinazoonyesha tarehe, pakueni majedwali yaliyopo na kuyahifadhi mahali zaidi ya pamoja. Kurasa za serikali hubadilishwa au kutoweka, na picha yenye tarehe inaweza kuwa ushahidi pekee mtakaobaki nao. Kama mnaanza ahadi ikiwa imeshafika katikati, tafuteni maagizo ya zamani. Kwa mfano, Agizo la Rais Namba 2 la mwaka 2018 lilizitaka taasisi za umma kuchapisha habari kamili za zabuni na mikataba kuanzia tarehe 1 Julai 2018. Ahadi ya baadaye inayosema karibu jambo hilohilo ipimwe kwa kuuliza imeongeza nini juu ya lililokwisha kuamriwa. Serikali nyingi, si yetu tu, zina desturi ya kuahidi upya yale ambayo sheria imeshayalazimisha.

Kuzijaribu takwimu kwa mikono yenu

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuwa na tovuti ya taifa ya takwimu huria, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 8 Julai 2011, huku Dkt. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa wizara ya habari na mawasiliano, akiwa msukumaji mkuu. Ulikuwa uzinduzi wa kusifiwa. Hata hivyo, uzinduzi ndio sehemu rahisi ya takwimu huria. Sehemu ngumu ni mwaka wa pili, wa tatu na wa saba, pale kila idara inapotakiwa kuleta majedwali mapya bila ya kamera za televisheni.

Kwa hivyo chagueni maswali matano ya kweli yanayowahusu watu wa hapa, kisha jaribuni kuyajibu kwa kutumia takwimu za serikali tu. Kaunti ya Lamu ina wadi 10, na swali zuri ni lile linalodai jibu la wadi. Zahanati ngapi zinafanya kazi katika wadi ya Kiunga, na ziko wapi? Shule ipi ya Basuba ina walimu wangapi? Zabuni ya kukarabati kituo fulani aliishinda nani, kwa bei gani? Kwa kila swali rekodini mambo haya: kama jedwali limepatikana, tarehe ya mwisho ya kuhuishwa, kama linashuka hadi wadi au linaishia kwenye kaunti, kama linafunguka katika programu ya majedwali au ni picha ya karatasi iliyochanganuliwa, isiyoweza kujumlishwa wala kupangwa, kama kuna leseni inayoruhusu mtu kulitumia tena, na kama kuna maelezo ya maana ya kila safu.

Fanyeni jaribio hilo mara mbili, kwanza kwa kompyuta mjini Amu, kisha kwa simu ya kawaida katika kijiji ambacho mtandao hupatikana kwa shida. Jedwali linaloshindwa kufunguka kwa simu ni jedwali ambalo kwa wakazi wengi wa Lamu Mashariki halijachapishwa. Mkataba wa kimataifa wa takwimu huria wa mwaka 2015 una kanuni 6, na miongoni mwake ni kwamba takwimu zitolewe kwa wakati, zifikike na zitumike, na ziweze kulinganishwa. Zichukueni kanuni hizo kuwa kipimo chenu, mkionyesha kwa kila kanuni mfano mmoja mliouona wenyewe.

Hapa ndipo inaporudi ahadi ya wamiliki halisi wa kampuni. Daftari la wamiliki hao lilianza kufanya kazi Oktoba 2020 chini ya huduma ya usajili wa biashara, na kampuni zikatakiwa kusajili watu wanaozimiliki au kuzidhibiti. Ukiuliza kama daftari limeundwa, jibu ni ndiyo. Lakini kanuni za mwaka 2020 zilizolianzisha zilifungua habari hizo kwa vyombo vya serikali vyenye mamlaka, na si kwa umma. Mtathmini anayehesabu kazi iliyofanywa ataipa ahadi alama za juu. Anayeuliza kama mkazi wa wadi ya Hindi anaweza kujua ni nani hasa anayelipwa kujenga barabara inayopita mbele ya shamba lake atatoa alama nyingine kabisa. Toeni alama zote mbili, mkieleza kwa nini zinatofautiana.

Kuomba habari kwa barua

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria Namba 31 ya mwaka 2016 kuhusu upatikanaji wa habari inaeleza namna ya kuzipata. Barua ya maombi ni njia ya kupata ushahidi, na wakati huohuo ni jaribio lenyewe la uwazi: namna taasisi inavyoijibu ni matokeo ya kurekodiwa.

Maombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Andikeni kwa Kiswahili, na mwone. Asiyeweza kuandika, kwa sababu hakusoma au ana ulemavu, ana haki ya kusaidiwa na afisa kuyaweka maombi yake kwenye maandishi. Mwombaji halazimiki kueleza anazitakia nini habari hizo. Kuwasilisha maombi hakulipiwi. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili. Kwa kuwa haki hii ni ya raia, barua itiwe saini na mtu mmoja kwa jina lake na anwani yake hata kama kikundi ndicho kilichoiandaa, ili pasitokee mabishano kama kikundi ni raia au la.

Barua iwe fupi na iombe nyaraka zinazotajika. Mfano wa mwili wake ni huu:

“Mimi, raia wa Kenya, kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nakala za: (a) mkataba wa kazi ya ujenzi wa mradi uliotajwa hapo juu pamoja na viambatisho vyake, (b) hati za malipo yaliyokwisha kufanywa, (c) ripoti ya ukaguzi wa kazi hiyo. Nitashukuru kupata nakala hizo kwa barua pepe. Ikiwa sehemu ya nyaraka hizi haiwezi kutolewa, naomba nipewe sehemu iliyobaki na nielezwe kwa maandishi ni kifungu gani cha sheria kinachozuia.”

Sentensi ya mwisho msiiache. Sheria inaruhusu baadhi ya habari kuzuiwa, kwa mfano zinazohusu usalama wa taifa, faragha ya mtu au siri halali za kibiashara, na taasisi nyingi hujificha nyuma ya neno “siri” bila kutaja kifungu.

Ombeni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, kisha hesabuni siku. Taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, pale habari zikiwa nyingi au zikihitaji mashauriano. Ikiwa habari ziko katika taasisi nyingine, ihamishe maombi ndani ya siku 5. Kimya kinapopita muda huo huhesabiwa kuwa ni kukataliwa, na mwombaji ana siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman yenye kaulimbiu “Hata mnyonge ana haki”, iupitie uamuzi huo. Kutoka hapo njia iliyobaki ni Mahakama Kuu.

Kwamba njia hiyo si ya mapambo tu, tumeshaona hapa Pwani. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiamuru serikali kutoa nyaraka za mkataba wa reli ya kisasa, katika kesi iliyofunguliwa na Khelef Khalifa na mwenzake Wanjiru Gikonyo, na Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi akaziweka hadharani hati za mikopo ya reli hiyo. Tathmini yenu haihitaji kufika mahakamani. Inatosha kupeleka barua ileile kwa taasisi tano au sita na kuonyesha katika jedwali ni ipi iliyojibu, kwa siku ngapi, na kwa ukamilifu gani.

Kuwasikiliza watu

Ahadi za ushiriki wa umma hazipimwi kwa kuhesabu mikutano. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikikaa Malindi ilitoa hukumu katika kesi ya wavuvi wa Lamu kuhusu bandari, ikaona kwamba haki zao, ikiwemo haki ya kupata habari, zilikiukwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 mahakama maalumu ya kitaifa ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, na upungufu wa ushiriki wa umma ulikuwa miongoni mwa sababu. Mikutano ilikuwepo katika miradi hiyo. Watathmini wa ahadi za ushiriki wanapaswa kuzisoma hukumu zote mbili, kwa sababu zinaonyesha umbali uliopo kati ya kuitwa kwenye baraza na kusikilizwa.

Kwa kila mkutano ulioripotiwa, ulizeni: tangazo lilitoka siku ngapi kabla, kwa lugha ipi, na liliwekwa wapi? Nyaraka zilitolewa mapema au zilisomwa palepale? Mkutano ulifanyika kisiwani au Mokowe, na nauli ya boti alilipa nani? Maoni yaliandikwa? Na baadaye kuna aliyerudi kueleza lipi limekubaliwa na lipi limekataliwa, na kwa nini? Hilo la mwisho ndilo hukosekana karibu kila mara.

Mahojiano yapangwe kwa majira ya watu. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, wavuvi wengi hushinda nchi kavu na huwa na subira ya kuzungumza; wakati wa kaskazi mtawakosa. Akina mama wahojiwe na mwanamke, kwenye kikao chao, maana barazani mbele ya wazee wengi wao hunyamaza hata kama ndio wanaolijua jambo. Msianze na dodoso. Anzeni na salamu kamili na kujuliana hali, muulize mzee au bi anataka kuitwa vipi, mweleze kazi ni ya nani na majibu yataenda wapi, kisha mpate idhini yake. Majina yahifadhiwe kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Katika ripoti “mvuvi wa Faza” inatosha, isipokuwa kijiji kiwe kidogo kiasi kwamba hata maelezo hayo yangemtambulisha.

Gharama kubwa ya hatua hii ni mafuta ya boti. Wekeni bajeti yake kwanza, kabla ya posho, karatasi na chai.

Kutoa alama

Utekelezaji upimwe kwa madaraja manne: haijaanza, imetekelezwa kidogo, imetekelezwa kwa kiasi kikubwa, imekamilika. Matokeo yapimwe peke yake: hakuna la kutajika, ya wastani, makubwa. Wanachama wawili watoe alama bila kushauriana, kisha walinganishe. Pale wanapohitilafiana wasigawanye tofauti katikati. Warudi kwenye ushahidi, na kama bado hawakubaliani ripoti iseme hivyo pamoja na hoja za kila upande. Kila alama iwe na ushahidi wa aina mbili angalau, kwa mfano jibu la barua na mahojiano, au jedwali la tovuti na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti hizo za ukaguzi ni hazina isiyotumiwa: Katiba inataka zitoke ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika Juni 30, na Mdhibiti wa Bajeti naye hutoa taarifa za matumizi ya kaunti kila robo mwaka.

Jihadharini na alama za hasira. Ahadi iliyofaulu Nairobi na kutofika Lamu haijashindwa kila mahali, na ripoti iandikwe kwa uangalifu huo: sisi tumepima hapa, kwa kipindi hiki, na hili ndilo tuliloliona.

Kurudisha majibu na kuchapisha

Rasimu itumwe kwa kila taasisi iliyotajwa, ikipewa wiki mbili au tatu za kujibu. Makosa ya ukweli yarekebishwe bila ubishi; maoni yasiyobadilisha ushahidi yachapishwe yalivyo mwishoni mwa ripoti. Taasisi isiyojibu itajwe kwamba ilipewa nafasi, na tarehe ya barua iandikwe.

Chapisheni majedwali yenu yote pamoja na ripoti, katika faili zinazofunguka na zenye leseni ya wazi, baada ya kuondoa yanayoweza kumtambulisha mtu. Hatuwezi kuidai serikali tusichokitoa sisi. Ripoti kamili iwe kwa Kiswahili, na muhtasari kwa Kiingereza kwa ajili ya sekretarieti ya kitaifa na kitengo cha tathmini cha kimataifa, ambacho watafiti wake hutafuta ushahidi wa nje wanapoandika taarifa ya matokeo mwishoni mwa mpango. Mpango wa miaka minne kama huu wa sasa hupitiwa upya katikati, na ahadi zinaweza kurekebishwa wakati huo, kwa hivyo ni bora ripoti nyembamba iliyotoka kabla ya mapitio kuliko kitabu kinene kilichochelewa. Nakala zipelekwe kwa wawakilishi wadi, machifu, maktaba na redio za mwambao, na matokeo yasomwe kwa sauti katika vijiji vilevile mlivyovihoji, mkianza na vile vilivyo mbali zaidi.